Meza Iliyokuwa Kwenye Kilio

Jumamosi ilikuwa siku mbaya kuliko zote kwa bega la Cibalonza. Siku hiyo nusu ya mtaa wa Mabanga ilimletea mashati na vitenge, maana hakuna aliyetaka kuonekana kanisani kesho yake akiwa na makunyanzi mgongoni. Kibanda chake cha mbao kilikuwa kando ya njia. Ndani mlikuwa na meza iliyotandikwa blanketi la kijivu, na pasi mbili za makaa zilizopokezana kazi: moja ikiwa mkononi, nyingine ilikuwa nje mlangoni ikipuliziwa upepo kwa kifuniko cha ndoo. Alikuwa amesimama tangu saa kumi na mbili asubuhi. Ilipofika saa sita mchana mkono wa kulia ulikuwa mzito kama si wake, na mkono huohuo ndio uliotakiwa kushika raketi saa tisa.

Kwa miaka tisa Cibalonza alikuwa mchezaji wa tatu wa Makoro, timu ya ping-pong ya mtaa, iliyopewa jina la mawe meusi ya volkano ambayo nyumba zote za hapo zimejengwa juu yake. Alijifunza mchezo huo kwa masista, upande wa Bukavu, alipokuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, kwa raketi za ubao zilizobandikwa soli za kandambili. Nguvu hakuwa nazo, wala ufundi wa kupendeza macho. Alichojua ni kurudisha mpira. Aliurudisha, akaurudisha tena, mpaka aliyesimama mbele yake akakasirika na kukosea mwenyewe. Alipoolewa na kuja Goma alidhani mambo hayo yamebaki Bukavu, mwisho ule wa ziwa. Kisha siku moja, akipeleka vitambaa vya altare alivyovinyoosha, alisikia mpira mdogo ukigonga ubao katika chumba kilicho nyuma ya kanisa. Akasimama mlangoni na vitambaa mikononi. Mtu akamuuliza kama anajua kucheza. Hakujua kusema hapana, akasema anajua kidogo.

Kutojua kusema hapana ndiko kulikomfikisha alipokuwa.

Tangu Noeli alitaka kuacha. Alikuwa na miaka arobaini na sita, magoti yalimuuma akishuka ngazi, na bega lilimwamsha usiku. Mume wake, Akonkwa, ambaye aliendesha lori la viazi kati ya Goma na Rutshuru, alimwambia kwa simu kutoka Kalengera, "Acha basi. Nani alikufunga kamba?" Hakuna aliyemfunga. Ila timu ilihitaji watu watatu, na Makoro ilikuwa na watu watatu tu. Zamani walikuwa saba. Wawili walivuka mpaka na hawakurudi, mmoja alihamia Bukavu, mwingine aliweka raketi yake mezani siku moja na kusema hawezi kukimbilia mpira hajala. Wakabaki Aubin, kapteni, mwalimu wa hesabu. Benny, kijana aliyeuza kadi za simu. Na yeye, Mama Gradi, kama wote walivyomwita kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Kila Jumamosi alikwenda na sentensi moja tayari kinywani: Mi nimechoka, tafuteni mutu mwingine. Kila Jumamosi alirudi nayo nyumbani.

Basi Jumatatu ya juma lile muzee Havugimana alifariki, baada ya kuugua muda mrefu, na Jumanne meza ya ping-pong ikatoka.

Haikuwa ajabu. Meza ilikuwa mali ya shirika, ile jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa, na mtaa mzima haukuwa na meza nyingine kubwa kama hiyo. Yeyote aliyepatwa na kilio aliiazima, vipande vyake viwili vikaunganishwa chini ya turubai, na watu wakala juu yake mpaka siku ya kuondoa kilio. Ilirudi na nta ya mishumaa, na harufu ya samaki wakavu, na kila mara Cibalonza ndiye aliyeikwangua na kuipangusa. Kitu kilichokwenda kwa wafiwa hakikudaiwa kabla ya siku zake. Hakuna aliyeliandika hilo popote, na hakuna aliyelivunja.

Lakini ligi nayo ilikuwa na sheria zake, na hizo ziliandikwa. Timu inayopokea wageni ndiyo inayotoa meza. Ikifika saa tisa na robo bila meza, ni forfe: imeshindwa bila kucheza. Forfe mbili katika msimu mmoja, timu inafutwa. Makoro ilikuwa imeshapata moja mwezi wa tatu, Benny alipolazwa kwa malaria.

Ijumaa mchana Aubin alikuja kibandani akiwa na chaki kwenye mikono ya shati.

"Mama Gradi, meza iko kwa kilio."

"Najua. Niliiona ikipita."

"Na kesho tuko na mechi na batu ya Ndosho."

"Najua."

"Sasa weye ndiye unajuana na Mama Uwamariya. Mi nikienda pale, mwalimu muzima, nimuombe mufiwa meza yenye batu banakulia, si batanipiga na mwiko?"

"Na mi hawatanipiga?"

"Weye hawawezi. Uko na sura ya mutu anayeomba musamaha mbele ya kufanya kosa." Akacheka, kisha kicheko kikamwisha. "Ni ya saa mbili tu, mama. Tunacheza, tunairudisha, banakulia mangaribi. Bila vile Makoro imekufa."

Cibalonza alikuwa ameshika ukosi wa shati la mtu. Aliupigia pasi mara mbili ingawa ulikuwa umenyooka. Makoro imekufa. Maneno hayo yalipaswa kumchoma, naye aliona aibu kwamba hayakumchoma. Yalimwingia taratibu, kama maji ya vuguvugu miguuni. Timu ikifutwa, hakuna atakayemwuliza kwa nini aliacha. Hatahitaji kusema sentensi yake.

"Nitaenda," alisema.

Alikwenda saa kumi. Wanaume walikuwa wakicheza karata kwenye mabenchi chini ya turubai, na ndani Mama Uwamariya, mjane wa marehemu, alikaa kwenye godoro lililowekwa sakafuni, kitambaa cheupe kichwani, wanawake wengine kando yake. Cibalonza akapiga magoti na kumshika mikono yote miwili.

"Mwihangane, mama," alisema, kwa neno la pole alilolijua katika lugha ya mwenzake.

"Asante, Mama Gradi. Na pole ya kazi. Naona mkono unakuuma, umenishika na wa kushoto kwa nguvu." Mjane akatazama nje kupitia mlango, kwenye meza ya kijani iliyojaa masahani. "Meza yenu tumeikalia siku mingi. Kesho si Jumamosi, siku ya posho? Hamuko na mechi?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yake. Hakuhitaji hata kuomba. Alihitaji kusema ndiyo.

"Hapana, mama," alijisikia akisema. "Kesho hakuna mechi. Mukae nayo tu."

Aliondoka pale haraka, na kwa kuwa hakuweza kuondoka kwenye kilio bila kushika kazi, akaenda jikoni kusaidia. Walimpa sufuria la maharagwe, la watu arobaini, lililotoka jikoni likichemka. Alilibeba kwa vitambaa viwili, bega likiwaka moto, akafika mezani na kulitua. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyewapigia watu kelele: weka ubao chini, meza ya mchezo haipendi moto! Alipokumbuka ubao, sufuria lilikuwa limekaa dakika kumi. Alipoliondoa, rangi ilikuwa imevimba, duara moja kubwa kama sahani, upande wa kushoto, karibu na mstari wa nyuma. Akalifunika kwa sinia na kuondoka.

Njiani alimpigia Aubin simu.

"Balikatala," alisema. "Hawataki kuitoa."



"Bon," Aubin akasema. "Ni kilio. Tutafanya je."

Jumamosi saa tisa kasoro dakika tano walikuwa watatu katika chumba cha nyuma ya kanisa. Sakafu ya saruji ilikuwa na alama nne pale miguu ya meza iliposimama siku zote. Aubin alikuwa amevaa jezi yake, akishika karatasi ya ligi ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa ameuliza meza mbili za jirani, zote fupi. Benny alidundisha mpira juu ya raketi bila kuutazama.

"Mi nilianzia hapa nikiwa na miaka kumi na ine," Benny alisema. "Mama Gradi ndiye alinifundisha kushika raketi. Unakumbuka? Ulisema: usiikamate sawa vile unaua panya."

"Nakumbuka," alisema Cibalonza.

Alikuwa amekaa kwenye benchi, mgongo ukutani. Tangu asubuhi alisubiri kuumia moyoni, na badala yake aliona usingizi tu. Kesho kutwa atapumzika. Jumamosi ijayo atafunga kibanda saa nane na kulala na dirisha wazi. Hakutaka kumtazama Benny.

Saa tisa kamili wageni hawakuwa wamefika. Saa tisa na dakika sita, bado.

"Labda nabo bamechoka," alisema Cibalonza.

Saa tisa na dakika tisa zikasikika kelele nje, na sauti ya mbao ikikwaruza mawe. Aubin alifungua mlango. Watu watatu wenye jezi za njano walikuwa wakisukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na juu yake, imefungwa kamba, palikuwa na meza ya kijani.

"Makoro!" alipiga kelele wa mbele, muzee Nzabonimpa, kapteni wa Ndosho, mtu mfupi mwenye ndevu za mvi, jasho likimtiririka. "Mutu anatoka Ndosho na miguu, anakuta wenye nyumba bamekunja mikono? Njooni mupokee mali yenu!"

"Muzee, mumeitoa wapi?" Aubin aliuliza.

"Tumepita kwa kilio. Nikaona chini ya masahani ile mistari nyeupe, nikasema hii naijua, mwaka jana nililia juu yake. Tukatoa pole, tukauliza. Mama akashangaa: mechi? Akasema, Mama Gradi aliniambia kesho hakuna mechi. Halafu akageukia batu yake: toeni masahani, chapuchapu! Banakula kwa mikeka sasa. Mi na miguu yangu hii sikuje kubeba pointi za bure. Nitamuambia bibi yangu nini, nilishinda mulango?"

Wenzake walicheka. Benny alianza kucheka, kisha akaacha.

Aubin aligeuka polepole.

"Mama Gradi. Uliniambia balikatala."

Cibalonza alifungua kinywa. Sentensi yake ya miezi yote ilikuwa humo, lakini mbele ya watu watano wenye jezi haikutoka. Alisimama kutoka kwenye benchi kwa kushika ukuta.

"Tutaongea kisha," Aubin alisema kwa sauti ya darasani. "Zinabaki dakika ine. Benny, funga wavu."

Waliiweka meza juu ya alama zake nne. Cibalonza aliipangusa, kwa mazoea, na alipofika kwenye duara kitambaa kikapanda na kushuka. Akaendelea kupangusa.

Aubin alicheza wa kwanza na kupoteza seti tatu mfululizo. Alipiga kila mpira kana kwamba umemkosea. Benny alicheza wa pili, akashinda kwa shida, seti tatu kwa mbili, akarusha raketi juu na kuidaka. Ikawa sare, moja kwa moja. Uamuzi ukabaki kwa wachezaji wa tatu: muzee Nzabonimpa na Mama Gradi.

Hapo ndipo alipoelewa alichojifanyia. Siku yoyote nyingine angeweza kushindwa. Alikuwa ameshindwa mara nyingi, watu wakampa maji ya kunywa, wakaenda nyumbani. Leo, akikosa mpira mmoja rahisi, Aubin atasema ameukosa kwa kusudi, na atakuwa na haki ya kusema. Alikuwa ametafuta njia ya kupumzika, na sasa hata kuchoka hakuruhusiwa.

Aubin alikaa kuhesabu pointi. Hakuwa akitazama mpira. Alitazama mkono wa Cibalonza.

Seti ya kwanza alipoteza, sita kwa kumi na moja. Bega lilikataa kupanda. Katika ya pili aliacha kulipandisha. Alicheza chini, karibu na kiuno, kama mtu anayesukuma pasi, na mipira ikaanza kurudi. Nzabonimpa alipiga kwa nguvu, ikarudi. Alipiga pembeni, ikarudi. "Eeh mama, hauna kazi nyumbani?" alilalamika, na Benny akajibu kutoka ukutani, "Kazi anayo, muzee, ndiyo hii anakunyosha!" Cibalonza alichukua seti ya pili na ya tatu. Ya nne akapoteza, macho yakiona mipira miwili. Kati ya seti hakukaa, aliogopa kwamba akikaa hatasimama.

Seti ya tano ilifika tisa kwa tisa. Nzabonimpa alisukuma mpira mwepesi upande wa kushoto, mpira ambao mtoto angeurudisha. Cibalonza aliungoja mahali pake. Mpira ukatua juu ya duara la maharagwe, ukafa palepale, ukabingirika kama yai.

"Ah, hapo pamekuwa nini?" Nzabonimpa aliuliza, akainama kutazama. "Pamevimba. Turudie ile pointi."

"Haturudie," alisema Cibalonza. "Ni mi nilitua sufuria. Hesabu."

Aubin alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu mechi ianze. "Kumi kwa tisa," alisema.

Pointi ya mwisho ilikuwa ndefu.  Mpira ulikwenda na kurudi, ukaenda na kurudi, na Cibalonza hakuwa akifikiri lolote isipokuwa ule mmoja unaokuja. Mwishowe mmoja alioupiga yeye uligusa utepe wa wavu, ukasita, ukaangukia upande wake mwenyewe.

Nzabonimpa hakushangilia. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akihema. "Mama," alisema, "mwaka kesho mutafute mwingine wa kucheza na mi. Weye utaniua."

"Mwaka kesho atakuwa mwingine," alisema Cibalonza. Na kwa kuwa neno la kwanza lilikuwa limeshatoka, mengine yakafuata. "Aubin, mi nimechoka. Si leo. Tangu Noeli. Nilitaka forfe itufute ili nisikuambie. Ndiyo nilisema uongo, kwako na kwa mufiwa. Ni vile tu."

Benny aliangalia viatu vyake. Aubin alikunja karatasi ya pointi mara nne, akaikunjua tena.

"Ungeniambia."

"Nilikuambia kila siku ya posho. Ndani ya kichwa."

Nzabonimpa, ambaye hakupaswa kuwemo katika maneno hayo, akakohoa ili asicheke. Aubin naye akalegea mabega.

"Nilikuwa nangoja uuze mechi," alisema. "Ile pointi ya mwisho nilihesabu. Uliurudisha mara kumi na saba. Mutu anayeuza hafike kumi na saba." Akavuta pumzi. "Nimekasirika, mama. Nitakasirika mpaka kesho. Lakini zinabaki mechi tatu. Cheza hizo tatu, mi natafuta mutu. Mutoto wa shule, mutu yeyote. Nisipomupata, Makoro ikufe na jina lake, si na uongo."

"Tatu," alisema Cibalonza.

"Tatu. Sitakuomba ya ine."

Jua lilikuwa bado juu waliporudisha meza. Chukudu ilikuwa imeshachukuliwa na mwenyewe, kwa hiyo waliibeba watu sita, wa njano na wa bluu wakichanganyikana, vipande viwili, watatu kila kimoja. Cibalonza alibeba kwa bega la kushoto. Waliiunganisha chini ya turubai, na wanawake wakaanza kurudisha masahani juu yake kana kwamba haikwenda popote. Safari hii mtu aliweka ubao.

Aliingia ndani. Mama Uwamariya alikuwa palepale kwenye godoro.

"Mulishinda?"

"Tulishindwa, mama. Mi nilishindwa." Alipiga magoti. "Na jana nilikudanganya. Mechi ilikuwako."

"Nilijua ikiwa inabebwa. Juu ya nini, Mama Gradi? Uliogopa kuniomba?"

"Hapana. Nilichoka."

Mjane alimtazama. Alikuwa hajalala vizuri juma zima, na pengine miezi mingi kabla ya hapo, mgonjwa akiwa ndani. Macho yake yalikuwa mekundu na makavu. Hakusema pole, wala hakusema si kitu. Alisogea kidogo kwenye godoro, akapiga nafasi iliyobaki kwa kiganja.

"Ikaa," alisema.

Cibalonza alitaka kujibu kwamba masahani yalikuwa mengi jikoni, na kwamba kulikuwa na mashati kumi na mawili ya kumalizia kabla ya misa. Badala yake alikaa. Akanyoosha miguu. Nje mtu alikuwa akimimina maji kwenye beseni, na wanawake wengine waliosha vyombo, na hakuna aliyemwita.